Saa Moja ya Jioni Nairobi: Utembee, Ulale Mapema, Ucheze Drafti au Ufungue Simu?

Matatu hunishusha Umoja kukiwa saa moja jioni. Kabla ya kupika, kukagua madaftari ya mtoto na kupiga pasi nguo za kesho, hubakiwa na saa moja ya kujifanyia ninalotaka. Saa moja, kwa maana zote mbili. Nimekuwa nikijiuliza niitumie vipi kwa faida ya kichwa changu, maana nimefika umri wa kuingia jikoni na kusimama hapo nikijiuliza nimefuata nini.

Ushauri haukosekani. Dada yangu anasema nitembee. Jirani wa ghorofa ya juu, ambaye ndiye anayeninyima usingizi kwa spika zake, anasema nilale mapema. Mwenzangu kazini amenipakulia mchezo wa mafumbo kwenye simu. Na pale kando ya steji, chini ya mti, kuna wazee na vijana wa boda wanaocheza drafti kwa vizibo vya soda. Hao hawanishauri lolote, lakini kila nikipita natamani kuketi.

Ikiwa nawe umekwama hapo, nimezipima njia hizo nne kwa mizani moja.

Tunapima kwa nini

Jambo la kwanza ni ushahidi: je, kuna utafiti uliofanywa kwa watu, au ni maneno ya tangazo? La pili ni hisi. Ubongo umefungiwa gizani ndani ya fuvu na unaishi kwa kuletewa. Macho, masikio, pua, ngozi na misuli ndiyo wapagazi wake. Kwa hiyo tuulize kila njia inauletea nini na inaupunguzia nini. La tatu ni gharama, ya pesa na ya muda. La nne ni Nairobi yenyewe, yenye giza lake, matope yake na makelele yake. Mwisho, inamfaa nani.

Picha ya jumla ni hii. Mwaka 2024 tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la tiba la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimenshia, ule ugonjwa unaomnyang'anya mtu kumbukumbu na uwezo wa kujitegemea. Ilikadiria kwamba yote yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya visa duniani vingezuilika au vingechelewa. Humo mna presha, kisukari, sigara, pombe ya kupita kiasi, kukaa bila mazoezi, upweke na hewa chafu. Mna pia mawili ya hisi moja kwa moja: masikio yanayofifia na macho yasiyotibiwa. Usingizi haumo kwenye orodha ile, jambo lililonishangaza, na nitalirudia.

Kutembea

Ushahidi wake ni mzuri. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazee 120 kwa mwaka mzima. Nusu yao walitembea mara tatu kwa wiki, wakianza kidogo kidogo hadi kufikia dakika 40. Nusu nyingine walinyoosha viungo tu. Kuna sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, yenye kazi kubwa katika kumbukumbu na katika kujua njia. Ya waliotembea iliongezeka ukubwa kwa asilimia 2. Ya wenzao ilipungua, kama inavyopungua kwa kawaida katika umri ule. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano.

Kwa upande wa hisi, kutembea ni karamu. Macho yaliyoshinda kwenye skrini yanaangalia mbali. Nyayo zinapima lami, kisha vumbi, kisha ule ubao uliowekwa juu ya mtaro. Pua inakutangulia: viazi karai kwanza, mutura kwenye kona, halafu moshi wa mahindi. Na kama hutumii ramani ya simu, ubongo unalazimika kujichorea yake. Watafiti wa London walionyesha mwaka 2000 kwamba madereva wa teksi wa mji huo, ambao hulazimika kukariri maelfu ya mitaa kabla ya kupewa leseni, walikuwa na sehemu ya nyuma ya hipokampasi iliyo kubwa kuliko ya watu wengine. Sisemi kwamba kuzunguka Umoja kutakufanyia hivyo. Nasema tu kwamba kubadilisha njia hakuumi.

Gharama ni viatu. Ukitaka msitu, Karura upo, ule ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwaka 1999 ukaponea chupuchupu kugeuzwa nyumba za matajiri. Una kiingilio, na kwa sisi wa Eastlands nauli ya kwenda na kurudi ndiyo inayouma zaidi.

Sasa kikwazo. Hapa tuko karibu na ikweta. Jua linatua mnamo saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na saa moja ni giza. Hiyo ndiyo saa niliyo nayo mimi, na ndiyo saa ambayo mwanamke anayetembea peke yake akiwa na simu mkononi anatafuta balaa. Tena ukichagua kutembea kando ya Jogoo Road magari yakiwa yamesimama, unavuta moshi ule ule ulio kwenye orodha ya mambo 14. Nilichojifunza ni kushuka steji moja kabla ya yangu na kukata ndani kwa ndani mtaani, kwenye maduka yenye taa na watu.

Inamfaa anayekaa kwenye kiti siku nzima, mwenye presha au kisukari ambaye daktari wake amekubali, na mwenye mawazo yanayozunguka kama kuku aliyefungwa kamba. Haimfai mama mboga aliyekuwa Marikiti tangu saa kumi alfajiri na kushinda amesimama. Mwambie akatembee jioni, atakuangalia tu.

Kimya na usingizi

Hizi nimeziweka pamoja kwa sababu Nairobi huwezi kuzitenganisha.

Wiki tatu zilizopita nilipata kiti cha nyuma kabisa kwenye nganya moja, ile matatu ya muziki mkubwa yenye michoro kila mahali, mgongo wangu ukiwa kwenye spika. Kutoka mjini hadi nyumbani tulitumia saa moja na robo. Muziki haukusikika kwa masikio tu; niliuhisi kwenye meno. Nilimwomba konda apunguze, akanijibu kwa heshima zote, "Mathe, hii ndiyo inaita abiria." Nilishuka masikio yakivuma, na yalivuma mpaka nikalala.

Shirika la Afya Duniani linatoa mgao wa kelele kama mgao wa maji. Sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza saa 40 kwa wiki bila hatari kubwa kwa masikio. Ikifika desibeli 90, mgao unashuka hadi saa 4 kwa wiki nzima. Fanya hesabu: kama nganya yako inapiga 90 na unakaa humo muda wa saa moja asubuhi na muda wa saa moja jioni, basi Jumanne ukifika nyumbani umeshamaliza mgao wa wiki. Jumatano hadi Ijumaa unakopa kwa masikio, na vinyweleo vya seli za sikio la ndani vikifa havioti tena.

Sikio lililochoka linauchosha ubongo pia, kwa kuwa mtu asiyesikia vizuri hutumia nguvu nyingi kubahatisha maneno, halafu taratibu anaacha kwenda penye watu. Wengi wanaona hiyo ndiyo njia mojawapo inayounganisha masikio na dimenshia.

Usingizi je? Mwaka 2021 watafiti waliochambua rekodi za karibu watu 8,000 wa Uingereza, waliofuatiliwa kwa takriban miaka 25, waliona kwamba waliolala saa sita au chini yake wakiwa na miaka 50 na 60 walikuwa na hatari ya dimenshia iliyo juu kwa takriban asilimia 30 kuliko waliolala saa saba. Tatizo la tafiti za namna hii ni kwamba dimenshia huanza kimya kimya miaka mingi kabla ya kuonekana, na yenyewe huweza kuharibu usingizi. Kipi kilianza? Ndiyo maana tume ya Lancet haikuuweka usingizi kwenye orodha. Kuna pia ile habari maarufu kwamba ubongo "hufagiwa" ukilala, yaani huondolewa taka zake. Ilitokana na majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2013, na mwaka 2024 watafiti wengine wakatoa matokeo ya panya yanayoipinga. Hata hivyo hakuna anayebishana kwamba ukilala vibaya leo, kesho umakini na kumbukumbu zinayumba. Watu wazima wanashauriwa wapate saa saba au zaidi.

Na mwanga wa simu? Mwanga, hasa wa buluu, huzuia melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia. Katika jaribio moja la mwaka 2015 watu 12 walisoma kwenye kifaa chenye mwanga kabla ya kulala. Melatonini yao ilishuka na wakachelewa kupata usingizi kwa dakika kumi hivi. Dakika kumi si mwisho wa dunia. Kwa maoni yangu kinachotukesha si buluu ya skrini bali umbea ulio ndani yake.

Gharama yake kwa pesa ni ndogo sana: vizibo vya masikio vya duka la dawa, pazia zito. Kwa muda ni ghali. Mtu wa Rongai au Kitengela anayeondoka saa kumi na moja alfajiri ili aukwepe msongamano anapaswa kuwa kitandani kabla ya saa nne usiku, na hapo chakula ndiyo kwanza kinaepuliwa.

Kikwazo cha Nairobi nadhani unakijua kwa jina: baa ya chini, kesha la wiki nzima kwenye hema, mbwa wa ploti, jirani na spika zake. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaweka kiwango cha usiku katika makazi kuwa desibeli 35. Friji yangu peke yake ikianza kukoroma nadhani inavunja sheria.

Njia hii inamfaa anayelala chini ya saa sita, anayeshinda kwenye kelele (konda, fundi wa vyuma, mwalimu wa chekechea) na anayejipata akisinzia kwenye matatu kila asubuhi mpaka anapitiliza steji. Haimfai sana aliyestaafu na kuishi peke yake chumba kimoja, ambaye kimya tayari kimemzidi.

Drafti, kwaya na kelele za watu

Ijumaa moja niliketi. Mzee aliyekuwa akicheza alinitazama, akapangusa ubao kwa kiganja, akanisogezea vizibo kumi na viwili. Vyangu vililala kifudifudi, vyake chali. Hiyo ndiyo tofauti ya rangi. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba mama, anza." Aliniachia kete moja wazi pembeni. Nikaila kwa furaha. Kizibo chake kikapaa juu ya vyangu vitatu kwa mkupuo, ta-ta-ta, na vijana wote wa boda wakapiga kelele. "Umelala, mama," mzee akasema bila kuniangalia. Na kweli nilikuwa nimelala kwa siku nyingi. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo kuwaza hatua tatu mbele kuhusu jambo lisilo kodi ya nyumba.

Ushahidi ni wa kutia moyo lakini haujafunga kesi. Mwaka 2003 watafiti wa New York walichapisha taarifa ya wazee 469 wa zaidi ya miaka 75. Waliosoma, waliocheza michezo ya ubao, waliopiga ala za muziki na waliocheza dansi walipata dimenshia kwa kiasi kidogo kuliko wenzao. Huenda ni mchezo uliowalinda. Huenda ubongo wenye afya ndio unaopenda mchezo. Upweke, kwa upande mwingine, umo kwenye orodha ya 14.

Lugha nazo zimo humu. Huko Hyderabad, India, utafiti wa mwaka 2013 uliohusu wagonjwa 648 uligundua kwamba waliozungumza zaidi ya lugha moja walianza kuonyesha dimenshia wastani wa miaka minne na nusu baadaye kuliko wa lugha moja, hata kwa wasiojua kusoma. Tafiti nyingine hazikupata hivyo. Ila mtu wa Nairobi anayewasemesha wazazi kwa Kikamba, anayenunua sukuma kwa Kiswahili na kujaza fomu kwa Kiingereza tayari amefanya zoezi kabla ya chai ya saa nne. Chini ya mti ule nilihesabu lugha nne katika mchezo mmoja.

Kwa hisi, hakuna njia inayokusanya mengi hivi: uso wa mtu wa kuusoma, sauti ya kuitofautisha na honi, vidole kwenye kizibo chenye meno. Kwaya inaongeza pumzi na kumbukumbu ya maneno. Ajua, lile bao linalopendwa sana na Waluo, linaongeza hesabu.

Gharama ni soda ya aliyeshindwa. Kwaya ina sare, na sare ina mchango, na mchango una mwingine nyuma yake, mnaojua mnajua. Chama cha kuweka akiba kina mikutano isiyoisha. Kikwazo kingine kwa wanawake ni kwamba kijiwe cha drafti ni cha wanaume. Siku ya kwanza walinyamaza nilipoketi, wakidhani nimekuja kumtafuta mtu. Tena kijiwe kikiwa jirani na wanaovuta sigara au kando ya baa, unaweza kuondoka na tabia mbili mpya.

Inamfaa mstaafu, mjane, mgeni mjini, na anayefanyia kazi nyumbani ambaye siku inaweza kuisha bila kusema neno ila "asante" kwa mwenye boda. Haimfai mhudumu wa kaunta aliyezungumza na watu mia mbili leo. Huyo mwache apumzike.

Michezo ya akili kwenye simu

Hapa nitakuwa mfupi, na nitajitahidi kuwa wa haki, maana sipendi kitu kinachonipongeza kwa nyota za dhahabu.

Matangazo yamewahi kuvuka mpaka: mwaka 2016 kampuni ya Marekani inayoendesha Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya serikali kuishtaki kwa kudai mambo yasiyo na ushahidi kuhusu kuzuia kudhoofika kwa akili. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2010, wa zaidi ya watu 11,000 kwa wiki sita, ulionyesha kwamba wachezaji waliboreka kwenye mchezo wenyewe, basi. Lakini haki ni haki. Jaribio kubwa la Marekani lililohusisha wazee 2,802 lilipata kwamba waliofundishwa zoezi moja la kompyuta, la kutambua haraka vitu vinavyomulika katikati na pembeni mwa skrini, walikuwa na dimenshia pungufu kwa asilimia 29 miaka kumi baadaye. Waliofundishwa mbinu za kukariri hawakupata faida hiyo. Kwa hiyo aina ya mchezo ina maana, na wengi wetu hatuchezi ule.

Hisi ni macho na kidole gumba. Gharama ni bando na matangazo. Kikwazo ni kwamba mchezo unakaa nyumba moja na WhatsApp. Unaingia kutafuta neno la herufi saba, unatoka saa tano usiku ukiwa umetazama harusi ya mtu usiyemjua. Inamfaa asiyeweza kutoka: anayemuuguza mgonjwa, mwenye maumivu ya magoti, mlinzi wa zamu ya usiku anayetaka kukaa macho. Na kwenye msongamano wa magari, kama hedifoni hazijapandishwa mwisho, ni afadhali kuliko kugombana na konda.

Sasa uchague

Kama unashinda umeketi na nyumbani kwenu usiku ni kimya, saa yako ni ya miguu. Usipopata mwanga jioni, igawe: robo saa asubuhi kutoka steji ya mbali, robo saa mchana kuzunguka ofisini, Jumamosi msitu.

Ukiwa unapata saa tano tu za usingizi na unaanza kusahau mambo madogo, sidhani mchezo wowote utakusaidia kabla hujalipa deni la usingizi. Na ukikoroma huku ukikatika pumzi, au presha iko juu, hilo si la kuamua kwa kusoma ulinganisho huu. Nenda kwa daktari.

Kama umeishiwa na watu wa kuongea nao, tafuta ubao, kwaya au darasa la lugha hata kama kutembea kuna ushahidi mzito zaidi. Mkitembea wawili mkibishana siasa mmeua ndege wawili.

Kama wewe ni kijana wa chini ya miaka 30 na unajiuliza kama ni mapema mno kuanza kuutunza ubongo: linda masikio. Hilo haliwezi kufidiwa baadaye. Kaa mbele ndani ya nganya, mbali na spika, na ukiweza panda ile mbovu isiyo na muziki.

Na kama unamfikiria mzazi wako kijijini, anza na masikio na macho yake kabla ya kumnunulia chochote. Jaribio la Marekani la mwaka 2023, la watu 977 wa miaka 70 hadi 84, halikuona tofauti kwa kundi zima lililopewa vifaa vya kusaidia kusikia. Lakini kwa waliokuwa na hatari kubwa zaidi, kudhoofika kwa akili kulipungua kwa asilimia 48 katika miaka mitatu. Mama yangu alikuwa akijibu "eeh" kwa kila kitu kwenye simu, nikadhani anasahau. Alikuwa hanisikii.

Mimi mwenyewe nimegawanya wiki. Jumatatu na Jumatano nashuka steji moja kabla. Jumanne na Alhamisi ni vizibo vya masikio na kitanda, jirani apige anachopiga. Ijumaa ni vizibo vya soda; mzee ananidai michezo sita, na wiki iliyopita nilimla kete mbili kwa mkupuo, akanyamaza, akaagiza chai.